Fremu ya kaboni kutoka Uchina: zimebaki mbili

Mradi wangu wa kununua fremu ya baiskeli umesonga. Orodha ya fremu zinazouzwa moja kwa moja kutoka Xiamen na Shenzhen ilikuwa ndefu, sasa zimebaki mbili. Kilichozichuja si uzito wala umbo la kukata upepo, ni barabara zetu na fundi wangu.

Nilipomtumia picha hakuuliza bei. Aliuliza: "Hii beringi ya pedeli inafungwa kwa kuzungusha, ama inapigwa ikaingia?" Swali hilo liliondoa nyingi kwa mpigo. Fremu kadhaa za bei nafuu zina tundu la pedeli la mtindo wa BB86, la milimita 41, na beringi husukumwa humo bila hesi yoyote. Tundu lisipotoka kiwandani likiwa duara kamili, au pande mbili zisipotazamana sawasawa, beringi hufa mapema, na kila ukikanyaga kwa nguvu fremu inalia. Ukishafika hapo, kulirekebisha tundu la kaboni si kazi ya kando ya barabara. Hesi za BSA, zile zile za baiskeli za zamani, kwenye tundu lenye upana wa milimita 68, fundi mwenye spana yake anazifungua asubuhi na mchana uko barabarani. Kwa hiyo: hesi, au sinunui.

Sharti la pili ni nafasi ya tairi la milimita 32. Anayepita Kiserian, nje ya Nairobi, kuelekea Kona Baridi anajua lami ilivyolika pembeni, na matatu ikikusukuma huko, tairi la 25 halikusaidii.

Wauzaji hupenda kutaja T1000. Hizo ni daraja za nyuzi za kaboni za Toray, kampuni ya Japani: T700 ina ukakamavu wa gigapaskali 230, T800 ina 294. Namba hiyo inaeleza uzi tu. Haisemi matabaka yamelazwa kuelekea wapi, wala kama yalibanwa vizuri ndani ya kalibu, na uimara wa fremu unatoka huko. Ndiyo maana naomba ripoti ya vipimo vya ISO 4210, kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, vile vya kuikandamiza fremu upande wa pedeli mara 100,000. Muuzaji mmoja alinitumia ripoti nzuri sana, yenye mihuri, lakini foki iliyokuwa pichani haikuwa ya fremu anayoiuza. Nikamfuta. Na fremu iliyoandikwa jina kubwa la Ulaya kwa bei ya kutupa siigusi kabisa. Iliyoghushiwa haina wa kuidhamini.

Zote mbili zilizobaki zina hanga ya UDH, kipande kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma, mtindo ulioletwa na kampuni ya vipuri vya baiskeli ya SRAM mwaka 2019. Baiskeli ikianguka, hicho ndicho kipande kinachopinda kwanza, na hiki unakibadilisha bila kutafuta cha fremu hiyo peke yake.

Bajeti naihesabu mpaka mlangoni: bei, usafiri na bima, kisha ushuru, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya vyote. Muuzaji akijitolea kuandika thamani ndogo, nakataa. Mzigo ukipotea, utadai fidia ya thamani gani?

Tofauti iliyobaki ni kimo. Moja inaweka usukani juu kwa karibu sentimita mbili, na mgongo wangu unaitaka hiyo kwa safari ndefu za Limuru. Nimemwomba muuzaji picha za ndani ya bomba la usukani, pale beringi ya chini inapokaa. Zikija bila mikunjo ya kaboni wala gundi iliyojaa, nalipa.