Obama kabla ya Boston

Wengi wetu Afrika Mashariki tulimfahamu Barack Obama mwaka 2004, alipohutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Boston, na Wakenya hawakukawia kuibandika bia ya Senator jina lake. Ndiyo maana masimulizi yetu huanzia jukwaani. Mimi naona kwamba anayetaka kumwelewa mwanasiasa yule sharti aanzie Springfield, mji mkuu wa Illinois, ambako aliingia katika seneti ya jimbo Januari 1997 akiwa na umri wa miaka 35.

Hakuingia kwa upole. Kiti kilikuwa cha Alice Palmer, aliyegombea Bunge la Marekani na kumuunga mkono Obama awe mrithi wake. Palmer aliposhindwa na kutaka kukitetea kiti chake, Obama alikataa kumpisha. Watu wake wakazikagua saini za wadhamini wa wapinzani wote wanne, moja baada ya nyingine, hadi wote wakaondolewa kwa kukosa saini halali za kutosha, naye akabaki peke yake katika mchujo wa chama. Sheria haikuvunjwa, lakini sidhani kama Palmer alifarijika.

Kwa miaka sita iliyofuata, seneti hiyo ilikuwa mikononi mwa Republican, na miswada mingi ya upande wake iliishia kwenye kamati. Alicheza karata na wabunge wenzake usiku, akajenga urafiki na watu wa mashambani ambao Chicago hawamjui mtu. Mwaka 2000 alikosa subira, akamkabili Bobby Rush, mbunge aliyekuwa akikikalia, katika mchujo wa kiti cha Bunge la Marekani, naye Rush akamshinda kwa asilimia 61 kwa 30.

Kilichomwinua baada ya hapo kilikuwa, kwa sehemu, bahati nasibu kwa maana halisi. Mwaka 2001 vyama viliposhindwa kukubaliana kuhusu mipaka ya majimbo ya uchaguzi, kura ilipigwa kwa kuchomoa jina kutoka katika kofia iliyoigizwa ile ya Abraham Lincoln, na Democratic wakapata nafasi ya kuichora mipaka hiyo. Eneo la Obama likanyooshwa kaskazini hadi kwa matajiri wa kando ya ziwa, watu wenye uwezo wa kuchangia kampeni. Chama chake kilipotwaa seneti mwaka 2003, rais mpya wa seneti, Emil Jones, alimkabidhi miswada mizito. Muhimu kuliko yote, kwangu, ni ule wa kurekodi mahojiano ya polisi na washukiwa wa mauaji: polisi na waendesha mashtaka waliupinga, akaketi nao, akakubali marekebisho, na ukapita katika seneti bila kura ya kupinga.

Machi 2004 alishinda mchujo wa Seneti ya Marekani kwa zaidi ya nusu ya kura, ingawa wagombea walikuwa saba. Mgombea wa Republican, Jack Ryan, akajitoa. Chama chake kikamleta Alan Keyes kutoka Maryland, na Novemba Obama akapata asilimia 70.