Mwanya Kati ya Mlipuko na Mlipuko

Arusha, Jumapili usiku.

Kuna pikipiki ambayo ikipita nageuza shingo, na kuna nyingine ambayo hata iwe ya bei kubwa namna gani naiacha ipite. Leo nimeamua kuliandika jambo hili ili nilimalize kichwani. Kwa muda mrefu nilidhani kinachonivuta ni sauti nzito, lakini nikizitafakari zile ninazozipenda kwa dhati naona kuwa uzito si kitu sana. Kinachonishika ni mpangilio wa milipuko, na hasa ule mwanya mfupi ulio kati ya mlipuko mmoja wa injini na mlipuko unaoufuata.

Mimi mwenyewe naendesha Boxer ya cc 150, ambayo kama ilivyo kwa karibu pikipiki zote za bodaboda mjini hapa ina silinda moja ya mipigo minne: pistoni huvuta hewa na mafuta, hubana, cheche huwasha, kisha moshi hutolewa. Kazi hiyo huchukua mizunguko miwili ya kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na kwa hiyo injini inayozunguka mara 1,400 kwa dakika, pikipiki ikiwa imesimama bila gia, hulipuka mara 700 tu, yaani kama mara 12 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo sikio bado linaupokea kila mlipuko peke yake. Nikipanda kuelekea Ilboru nikiwa na mzigo nyuma, nasikia jinsi milipuko inavyoachana kadiri injini inavyolemewa, na najua wakati wa kushusha gia bila kutazama kitu chochote. Watu huidharau sauti hii kwa kuwa wameizoea mno, lakini mimi naiona kuwa sauti nyoofu kuliko zote, kwa sababu haifichi chochote kinachotokea ndani ya silinda.

Arusha ina bahati ya kuwa kwenye njia ya wasafiri wanaotoka Cairo kwenda Cape Town, na wengi wao huja na BMW za GS, pikipiki kubwa za safari ndefu. Mchana nilisimama kituo cha mafuta wakati wawili kati yao wakijaza matangi. Injini ya pikipiki zao ina silinda mbili zilizolala, moja kulia na moja kushoto, mtindo ambao kampuni hiyo imeushikilia tangu pikipiki yake ya R32 ya mwaka 1923. Silinda hizo hulipuka kwa kupokezana, mlipuko mmoja kila mzunguko mmoja wa kranki, na mianya yote ni sawa kabisa. Dereva akivuta resi akiwa amesimama, pikipiki nzima huinama kidogo upande mmoja, kwa sababu kranki imelala kufuata urefu wa chombo. Nilifurahi kuitazama kuliko kuisikiliza. Mlio wake ni wa mtu mwenye adabu, nami sina la kuulaumu, ila haukunikaa masikioni.

Harley-Davidson ni habari nyingine. Hapo silinda mbili zimesimama kwa umbo la V lenye nyuzi 45, na mikono ya pistoni zote mbili imeshikwa na pini moja ya kranki. Kwa sababu hiyo milipuko haiwezi kugawana muda sawasawa: baada ya mmoja kranki huzunguka nyuzi 315 kabla ya wa pili, kisha huzunguka nyuzi 405 kabla ya kurudi kwa wa kwanza. Ukisikiliza injini hiyo ikiwa imetulia, utadhani ni wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, na wa pili kila mara anachelewa kidogo kushusha mchi. Kampuni yenyewe ilijua thamani ya mchelewo huo, kwani mwaka 1994 iliomba sauti hiyo isajiliwe Marekani kuwa alama yake ya biashara. Washindani walipinga, na mwaka 2000 ombi likaachwa. Naona waliopinga walikuwa na hoja, kwa maana injini yoyote ya V yenye pini moja na pembe kama hiyo itatoa mdundo wa namna hiyo. Lazima niseme pia kwamba Harley nimezisikia zaidi kwenye video, na spika ya simu hukata sauti zote za chini, kwa hiyo hukumu yangu ni nusu.

Pikipiki za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, ambazo Honda ilizifanya za kawaida kwa CB750 ya mwaka 1969, hulipuka kila nyuzi 180. Zikifika mizunguko 12,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 400 kwa sekunde. Mwanya umekwisha na kilichobaki ni noti moja kali ya muziki. Wenzangu wengi huipenda sauti hiyo. Mimi hunichosha upesi, isipokuwa Yamaha R1 ya kuanzia mwaka 2009, ambayo kranki yake ilibadilishwa ili milipuko ifuatane kwa nyuzi 270, 180, 90 na 180. Silinda ni nne zilezile, lakini mianya imerudi, na mlio umekuwa wa kukoroma badala ya kupiga kelele.

Lakini sauti ambayo kweli ningeifuata barabarani ni ya mipigo miwili. Tulipokuwa wadogo bwana shamba alikuja na Yamaha AG100, na harufu ya oili iliyoungua ilibaki uwanjani baada ya yeye kuondoka. Injini hiyo hulipuka kila mzunguko, na ekzosi yake imevimba katikati kwa sababu maalumu: wimbi la mgandamizo huenda hadi mwisho wa uvimbe, hugonga, kisha hurudi na kuusukuma ndani ya silinda mchanganyiko mbichi uliotaka kutoroka. Ufundi huo uliendelezwa sana na Walter Kaaden wa kampuni ya MZ, Ujerumani Mashariki, hadi mwaka 1961 mwendeshaji wake Ernst Degner alipotoroka wakati wa mashindano ya Sweden na kuipelekea Suzuki maarifa hayo. Mwaka uliofuata Suzuki ikawa bingwa wa dunia wa cc 50. Ikipunguziwa resi, injini ya aina hii huruka mlipuko mmoja au miwili kwa kuwa moshi wa zamani haujatoka wote, na hapo ndipo inapopata kigugumizi chake kitamu.

Ndiyo maana sina subira na vijana wanaotoboa ekzosi au kung'oa vizuizi vya ndani. Wengi huamini wanaongeza nguvu. Boxer haikuumbwa hivyo: urefu na upana wa bomba vimepimwa ili mawimbi ya moshi yasaidie injini katika mwendo wa kawaida, na karabureta imerekebishwa kwa hilo. Ukiondoa vizuizi bila kugusa karabureta, mara nyingi unapoteza nguvu ya chini, ile inayohitajika kwa abiria wawili mlimani, na ukiachia resi mafuta yasiyoungua hulipukia ndani ya bomba. Kelele hiyo inaufunika mdundo wenyewe, na anayelala jirani na kijiwe hajapata faida yoyote.

Kigali sasa kuna pikipiki nyingi za umeme, na zitajaa hapa pia. Kwa mapafu yetu nazikaribisha. Kwa masikio, zina mvumo wa mota na mnyororo, basi.

Nimemwambia mke wangu kwamba nikipata fedha nitatafuta AG100 ya zamani. Ameuliza kama inabeba magunia. Kwa bahati nzuri ina keria mbele na nyuma, kwa hiyo mazungumzo hayajafungwa.