Kulipa Matanga

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, juma hili nilikuwa nimejiandaa kuandika juu ya subira. Nimeiweka kando, kwa sababu tumemzika mwenye duka wetu wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, na moyo wangu hauna neno jingine. Jina lake silitaji. Wa mtaani mwamjua, na mwenyewe alikuwa akikunja uso kila aliposifiwa mbele ya watu.

Jeneza lilitoka msikitini baada ya Alasiri, likapita kwenye kichochoro kile kile alichozoea kupitisha magunia yake ya mchele juu ya punda. Kichochoro chenyewe ni chembamba hata wabebaji wanne hawakuweza kwenda sambamba, likawa linapokezanwa kwa mikono, bega hadi bega. Kaburini, udongo ulipokwisha kusawazishwa, mwanawe mkubwa akasimama akasema kama ilivyo desturi: mwenye kumdai baba aje kwetu, deni la baba ni letu. Siku tatu za matanga zikapita na hakuna aliyekuja kudai. Waliokuja ni wadaiwa.

Husemwa kukopa arusi, kulipa matanga. Methali hii nimeisikia tangu utotoni na siku zote nikiicheka. Sasa nimeyaona matanga yenyewe. Mtu anaketi barazani, anasoma Yasini na wenziwe, anakunywa kahawa, kisha anamwita kijana wa marehemu pembeni na kutoa mfukoni noti zilizokunjwa mara nne. Wengine ni wavuvi niliokuwa nikiamini hawajawahi kukopa hata kiberiti.

Daftari la marehemu lilikuwa na misimu kama bahari. Kusi ikianza kuvuma, kuanzia Aprili hivi, nje ya miamba huwa hakuendeki, mashua hulala, watu hushinda wakishona nyavu, na daftari hunenepa. Kaskazi ikirudi mwishoni mwa mwaka, hukonda. Hiyo ndiyo hali ya kawaida. Lakini ulikuja mwaka 2014 na amri ya kutotoka nje usiku, wavuvi wa usiku wakakaa bure. Ukaja 2020 na korona, wageni wakakatika, na walioingia dukani kwa macho ya chini safari hii walikuwa manahodha wa mashua za watalii, wapishi wa hotelini, na sisi wachonga milango. "Ndoo, mwanangu, ndoo," yaani njoo, alikuwa akisema, na kabla hujafungua kinywa unga ulikuwa mizanini. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Alikuwa akimpunguzia mtu uzito wa kutamka "nikopeshe".

Sasa fungueni Suratul Baqara. Aya ya 280 yasema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yaamrisha deni liandikwe, dogo au kubwa, mpaka muda wake, wala msichoke kuliandika. Wengi wetu tunachukua moja na kuacha nyingine. Mwenye huruma haandiki, baadaye ugomvi. Mwenye kuandika hana huruma, mwezi wa pili anatuma watoto mlangoni kwako. Marehemu aliandika hadi robo ya sukari, na sikumbuki hata siku moja kumsikia akimkumbusha mtu. Nilipomuuliza anaandika ya nini kama hadai, alinijibu, "Nikifa, wanangu wajue. Ukifa wewe, wanao wajue." Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba nafsi ya muumini hubaki imetundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe. Kumbe mzee alikuwa akituandikia sisi.

Na kati ya aya hizo mbili ipo ya 281, fupi, ambayo imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kuwa ndiyo ya mwisho kuteremka: iogopeni siku mtakayorejeshwa kwa Mwenyezi Mungu, kisha kila nafsi ilipwe kamili ilichochuma, wala hawatadhulumiwa. Imekaa katikati ya huruma na kalamu. Nimeisoma miaka mingi bila kutazama majirani zake.

Mizani yake mwaikumbuka? Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017 akarudia kufunga sukari kwa karatasi kama zamani. Kila alipotandika karatasi upande wa sukari, aliweka karatasi nyingine sawa na hiyo upande wa mawe. Karatasi ina uzito gani? Wa unyoya. Lakini ukipima mara mia kwa siku, kwa miaka arobaini, umewauzia watu magunia ya karatasi kwa bei ya sukari. Ole wao wapunjao, imesema Suratul Mutaffifin, na yeye aliichukulia kuwa inazungumza na wenye maduka ya Lamu. Mvua za mwisho wa 2023 zilipoikata barabara ya Garsen na malori yakashindwa kufika Mokowe, upande wa bara, bei yake haikupanda. Sukari ilipokwisha, ilikwisha. Akakaa na rafu tupu akisoma uradi.

Sitaki mdhani namfanya walii. Alikuwa mkali wa ulimi. Punda akitia kichwa kwenye gunia la kunde, matusi aliyotukanwa mwenye punda yalisikika hadi Mkunguni, ilhali paka aliyelala juu ya mchele aliachwa mpaka aamke mwenyewe. Waliokuwa na haraka aliwachosha.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine, au pengine yule yule bila kelele. Adhuhuri alifunga mlango, aende akale na mkewe. Hakula dukani hata siku za Maulidi, mji ukiwa umejaa wageni na biashara imechemka. Mkewe alipougua akampeleka Mombasa, duka likafungwa wiki kadhaa, nasi tukanung'unika kwamba anafukuza wateja. Tulinung'unika sisi tuliokuwa na madeni yake! Mbora wenu ni aliye mbora kwa watu wake, ndivyo Mtume alivyosema. Bibi yule sasa amekaa eda, miezi minne na siku kumi, na binti zake wanapokezana kulala naye.

Nami niseme langu. Mwaka ule wa korona sikupata hata mlango mmoja wa kuchonga. Nilikopa, nikalipa kidogo, nikakopa tena, na kazi iliporudi nikawa napita nyuma ya msikiti ili nisipite mbele ya duka. Siku moja tukakutana jeti, pale mashua zinapofunga, uso kwa uso, hakuna pa kukimbilia. Aliniuliza juu ya pumu ya mwanangu. Deni hakulitaja. Nikaenda nyumbani na hasira, si kwake, na bado nikaendelea kupita nyuma ya msikiti.

Siku ya tatu ya matanga nilikwenda na shilingi 4,500, kwa hesabu yangu mwenyewe. Kijana akafunua kurasa, kidole kikishuka taratibu, akasimama. "Ni elfu nne mia mbili na sitini, ami." Nikamwambia zaidi ya hapo. Akatikisa kichwa: daftari lasema hivi. Akapiga mstari juu ya jina langu na kunihesabia chenji, shilingi 240, sarafu moja moja.

Aliyekosea hesabu ni mimi, au mzee alifanya jambo? Mtu wa karatasi mbili mizanini hakosei hesabu. Zile 240 ziko kwenye bakuli la patasi zangu, sijajua nizifanyeje.

Khitma ni Alhamisi hii baada ya Maghrib, nyumbani kwake, wanawake juu na wanaume barazani. Mwenye juzuu aje nayo. Alfatiha.