Ngulia, ukungu ukishuka

Safari ya Ngulia, hoteli ya mbugani Kenya ambako ndege wahamao hunaswa na kuvishwa pete, hupangwa kama ya mvuvi wa dagaa: unaangalia giza la mwezi kwanza, nafasi hotelini baadaye. Tulichagua Novemba. Tukatoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, tukaingia Tsavo Magharibi kwa lango la Mtito Andei, jioni tukawa ukingoni mwa kilima cha Ngulia.

Taa za hoteli ziliwekwa ili wageni wamwone chui akija kula nyama. Mvua za vuli zikileta ukungu usiku, ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia hupotea, wakazishukia taa hizo. Kazi ya kuwavisha pete zenye namba mguuni hapa ilianza 1969. Mwezi ukiwa mpevu wanapita juu kwa juu, hushiki kitu.

Nyavu zetu zilikuwa za mita 12, nyuzi kama utando wa buibui, kila moja na mifuko minne iliyolala, ambamo ndege huangukia akigonga wavu. Ukizikaza mno mfuko unapotea, ndege anadunda na kwenda zake. Ukizilegeza, mfuko wa chini unagusa nyasi mbichi na aliyenaswa analowa, anakufa kwa baridi.

Saa nane usiku ukungu ukatua. Wa kwanza alikuwa Acrocephalus palustris, ndege mdogo mhamaji, kahawia mtupu, hana urembo wowote. Tazama kwanza aliingilia upande gani. Ukikosea hapo, kila unachofungua unakifunga. Miguu, kisha mabawa, kichwa mwisho. Huyu aligoma kichwani. Uzi ulikuwa umepita nyuma ya ulimi, kwenye vijino vinavyoelekea kooni. Ukivuta unamchana, unainua uzi kwa njiti, taratibu, basi anatoka.

Pete ya aluminiamu hubanwa kwa koleo yake mpaka ncha zikutane. Zikipandana zinakata mguu. Ikibaki mwanya, inanasa uzi wa kiota. Lazima izunguke na kuteleza. Namba husomwa, anayeiandika akairudia kwa sauti. Bawa milimita 69, uzito gramu 12. Ukipuliza manyoya ya kooni unaona kama kishimo kina mafuta ya manjano, yaani kama ana akiba ya kumfikisha kusini mwa Afrika. Huyu hakuwa nayo.

Popo nao huingia. Hao watolewe na mwenye glavu nene.

Saa kumi na moja alfajiri ukungu ukapasuka ghafla, nyota zikatoka, nyavu za taani zikawa tupu. Kulipopambazuka tukafungua zile za vichakani, na saa tatu tukazikunja zote, kabla jua halijawaunguza walionaswa.