Seli haina pampu ya maji

Makopo mawili ya maziwa ya unga, moja la sukari na jingine la chumvi, yalinitia aibu mbele ya wanafunzi arobaini wa kidato cha pili. Lebo zilikuwa zimebanduka kwa joto la Oktoba, nikajiambia nitaziandika upya Jumatatu. Jumatatu ikapita, na nyingine, na nyingine.

Mimi si mwalimu. Natunza maabara ya sekondari moja hapa Dodoma: naosha vyombo, nachanganya kemikali, natayarisha majaribio, nafungia darubini zisipotee. Wanafunzi huniita mwalimu na nimeshachoka kuwasahihisha.

Siku ile mwalimu wa Bayolojia aliniachia karatasi: jaribio la osmosisi (maji kupita kwenye utando wa seli kwenda kule chembe zilikojazana) kwa viazi mviringo, makundi manane, vikombe vitatu kila kundi. Kikombe cha kwanza maji matupu. Cha pili sukari hafifu, gramu 5 kwa mililita 100. Cha tatu sukari kali, gramu 30 kwa mililita 100. Nikaenda Soko la Majengo alfajiri, nikachagua viazi virefu visivyo na macho mengi, nikavitoboa kwa kile kibomba cha chuma cha kutobolea vizibo vya chupa. Vipande vinatoka kama chaki. Nikavikata vyote sentimita 5 kamili, nikavifunika kwa kitambaa kibichi visikauke.

Kisha nikapima sukari. Mwaka ule tuliletewa sukari nyeupe, si ile ya kahawia tuliyoizoea, kwa hiyo makopo yote mawili yalikuwa na kitu cheupe ndani. Ule mmumunyo mkali niliukoroga mpaka mkono ukauma na bado punje zikabaki chini. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Gramu 30 za sukari huyeyuka kwenye mililita 100 za maji bila kukusumbua, na maji yanakuwa mazitomazito kidogo. Yangu yalikuwa mepesi, meupe, yanang'aa. Lakini kengele ilikuwa imeshagonga.

Baada ya dakika arobaini na tano wakavitoa. Kipande cha kwenye maji kilikuwa kigumu, ukikigonga mezani kinalia. Hicho ni sawa. Kipande cha mmumunyo mkali kimelegea kama tambi iliyoiva. Na hicho ni sawa. Tatizo lilikuwa kikombe cha kati. Kwa sukari hafifu kiasi kile, kiazi kinatakiwa kibaki kigumu, kwa sababu utomvu wa ndani ya seli zake umekolea kuliko mmumunyo wenyewe, hivyo maji yanaingia. Vyetu vilikuwa vimelegea makundi yote manane. Ukikishika ncha moja, ncha ya pili inainama.

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Msichana mmoja wa kundi la dirishani akachovya kidole kwenye kikombe, akaramba, kitu ambacho nimekikataza kwa maandishi mekundu juu ya mlango.

"Mwalimu, samahani. Hii sukari ni chumvi."

Darasa lilicheka kwa dakika nzima. Nami nilicheka, maana ningefanya nini. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya aibu. Gramu zilikuwa sahihi. Mizani haikukosea. Gramu 5 ni gramu 5. Kwa nini gramu 5 za sukari zinakiacha kiazi kigumu na gramu 5 za chumvi zinakilegeza?

Jibu nilikuwa nalo tangu kidato cha sita, ila sikuwahi kuliona likiinama mkononi mwangu. Maji hayapimi uzito, yanahesabu vichwa. Chembe moja ya sukari ya mezani ni kubwa, uzito wake wa kikemia ni 342. Chumvi ni 58.5 tu, na ikiingia majini inaachana vipande viwili, sodiamu huku na kloridi kule. Piga hesabu: kwa uzito uleule, chumvi inakupa vichwa karibu mara 12 ya sukari. Kile kikombe changu cha "hafifu" kilikuwa kikali kuliko kile kikombe kikali ambacho mwalimu alikikusudia. Mama zetu wanalijua hili bila mizani. Fikicha vitunguu vya kachumbari kwa chumvi kidogo, geuka uchukue ndimu, ukirudi bakuli lina maji. Hakuna anayefikicha kwa sukari.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike.

Sisi wa Dodoma tukisikia neno maji tunasikia pampu. Maji yetu kwa miaka mingi yametoka visima virefu vya Makutupora, kule Mzakwe, yakisukumwa kwa mitambo mpaka mjini. Umeme ukikatika, ndoo zinapanga foleni. Kwa hiyo mtoto wa hapa ukimwambia maji yanaingia kwenye seli, kichwani anaona mashine inayasukuma. Nami niliona hivyo zamani. Na ndivyo sivyo. Seli haina pampu ya maji hata moja. Ina pampu za chumvi. Inahamisha vitu vingine, inavipanga upande huu au ule, halafu maji yanafuata yenyewe kwenda kule chembe zilikojazana.

Utando wenyewe unaoizunguka seli ni kitu chembamba ajabu, tabaka mbili za mafuta zilizopeana migongo. Vitu vidogo visivyogombana na mafuta, kama oksijeni na kaboni dayoksaidi, vinapenya tu, kutoka vilikojaa kwenda vilikopungua, kama harufu ya nyama choma inavyofika kwa jirani bila kualikwa. Hiyo ndiyo difyusheni na sina la kuongeza. Sukari na chumvi haziwezi kupenya mafuta; zinahitaji mlango. Maji nayo yanapenya kwa shida, na kwa muda mrefu watu walijiuliza mbona kwenye figo na kwenye chembe nyekundu za damu yanapita kwa kasi vile. Mwaka 1992 Mmarekani Peter Agre na wenzake walionyesha kwamba kuna protini maalumu, mfereji mwembamba ambao maji yanapita kwa mstari mmoja, chembe moja nyuma ya nyingine. Ikaitwa akwaporini. Mfereji mmoja hupitisha takriban chembe bilioni 3 kwa sekunde. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Lakini tazama: hata huo ni mfereji, si pampu. Unafungua njia tu. Uelekeo unaamuliwa na chembe zilizoko pande mbili.

Pampu ninayoizungumzia ni ya sodiamu na potasiamu. Mdenmaki Jens Christian Skou aliieleza mwaka 1957 baada ya kusaga neva za miguu ya kaa wa pwani, akangoja miaka arobaini mpaka 1997 ndipo akapata Nobel yake. Kila inapozunguka inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2, na inalipia kwa nishati ya chakula ulichokula. Inafanya hivyo sasa hivi, umekaa tu. Ikisimama, sodiamu inarudi ndani, maji yanaifuata, seli inavimba.

Na maji yakifuata hayana adabu. Muulize shangazi yangu mwenye shamba la mizabibu Hombolo. Zabibu iliyoiva ina sukari karibu gramu 20 katika kila gramu 100. Mvua ikinyesha Machi, siku chache kabla ya kuvuna, maji yanapanda kutoka mizizini na mengine yanapita kwenye ganda lenyewe, punje zinavimba mpaka zinapasuka. Nyuki wanakuja, ukungu unakuja, mnunuzi haji. Nilimkuta asubuhi moja amekaa ukingoni mwa shamba, nikamwamkia mbukwenyi, akaitikia kwa sauti ya chini akanyoosha mkono kwenye kichala. Punje nne kati ya kumi zilikuwa na mpasuko mwembamba kama wa kucha.

"Jua likichoma, hasara. Mvua ikija, hasara. Sasa nyie mliosoma mnasemaje?"

Sikusema kitu. Nilimsaidia kuchambua.

Hapa kuna kosa moja naliona hata kwenye masomo ya jioni ya kulipia, nalo linaniudhi. Walimu hupenda kuloweka zabibu kavu kwenye glasi ya maji, asubuhi zimevimba, darasa linaambiwa: hiyo ndiyo osmosisi kupitia utando wa seli. Ganda linasaidia, sikatai, na maji yameingia kweli. Ila onja yale maji yaliyobaki kwenye glasi (nyumbani, si maabara). Ni matamu. Sukari imetoka. Zile seli zilikufa juani zabibu zilipokaushwa, na utando wa seli iliyokufa hauna tena uwezo wa kuchagua. Ukitaka kuona utando hai ukichagua, chukua bitiruti mbichi, kata vipande, suuza rangi iliyomwagika wakati wa kukata, kisha weka vipande kwenye maji baridi. Maji yanabaki karibu meupe. Vipande vingine viweke kwenye maji ya moto. Vinamwaga rangi yote. Joto limeharibu utando, basi kila kitu kinatoka.

Hata jaribio la kwanza kabisa la jambo hili lilitumia kitu kilichokufa, nalo lilianzia kwenye mvinyo, kwa hiyo sisi wa Dodoma tunalistahili. Mwaka 1748 mtumishi wa kanisa Mfaransa, Jean-Antoine Nollet, alijaza chupa kwa spiriti ya mvinyo, akaiziba mdomo kwa kibofu cha nguruwe, akaizamisha majini. Baada ya saa kadhaa kibofu kilikuwa kimetuna. Alipokichoma kwa sindano, kilichokuwa ndani kiliruka juu.

Mwaka jana nilikuwa kibarazani, nyumba ninayopanga, jirani yangu akatoka na mtoto mgongoni, mtoto anaharisha tangu usiku. Alikuwa na pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuwanywesha wanaoharisha, ya lita moja na chupa ya maji ya nusu lita. Akamimina pakiti yote.

"Dada, hiyo ni ya lita nzima."

"Najua, kaka. Nataka iwe na nguvu."

Zile lebo zilizobanduka zikanijia. Nikaenda kuchukua chupa ya pili ndani mwangu, maji niliyokuwa nimeyachemsha, nikamwomba tuimimine yote kwenye jagi. Alikubali, labda kwa kunionea huruma. Mchana akampeleka zahanati.

Sikumpa somo, lakini nitakupa wewe. Ukutani mwa utumbo kuna mlango ambao sodiamu na glukosi, aina ya sukari, hupita pamoja. Sodiamu 2 zinaishika glukosi 1 mkono, zote zinaingia. Mwanasayansi Robert Crane alilieleza wazo hili la kupita pamoja mjini Prague mwaka 1960. Kipindupindu kinaharibu mambo mengi kwenye utumbo ila mlango huo kinauacha ukifanya kazi. Kwa hiyo ukimpa mgonjwa chumvi pamoja na sukari, zinaingia, na maji, kama kawaida yake, yanafuata. Mwaka 1971, vita ya Bangladesh ilipowakimbiza watu India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu kwenye kambi ya Bangaon akaanza kuwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi kutoka kwenye madumu. Vifo ambavyo vilifika asilimia 30 vilishuka chini ya 4.

Sasa soma nyuma ya pakiti. Chumvi gramu 2.6, glukosi gramu 13.5. Kwa mizani glukosi ni mara tano. Lakini hesabu vichwa, ukijumlisha na sodiamu ya ile sitireti iliyomo, chumvi nyingine ya kwenye pakiti, utapata sodiamu 75 kwa glukosi 75. Vichwa vyote kwa jumla ni 245 kwa lita (kipimo chake huitwa miliosmoli), vichache kuliko vya damu ambayo iko karibu 290. Ndiyo maana maji yanatoka utumboni kuingia mwilini. Pakiti hiyohiyo kwenye nusu lita inakuwa 490. Hapo utumbo wa mtoto unafanywa kama kile kiazi changu cha kikombe cha kati. Soda nayo ni hivyohivyo, kwa sukari ilivyojaa, na bado naona watoto wanaoharisha wakipewa.

Makopo niliyaandika kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa, pande zote mbili na juu ya mfuniko. Mwalimu wa Bayolojia naye alikuja na wazo ambalo sikulitegemea: kila mwaka tuweke kikombe cha nne kwa makusudi, gramu 5 za chumvi kando ya gramu 5 za sukari, bila kuwaambia wanafunzi kipi ni kipi. Wanatakiwa wajue kwa kushika kiazi. Anayeonja anatoka nje. Viazi vimepanda bei, kwa hiyo mwaka huu kila kundi lilipata vipande viwili tu kwa kikombe, na kundi moja likaangusha kimoja chini ya meza.