Wigi la Sue Storm na alama ya C-

Mtazamaji akitoka ukumbini anajua kabisa kama filamu imemchosha. Anapokosea ni pale anapoanza kueleza sababu. Jambo hili huonekana sana kwenye filamu za mashujaa wa katuni zinazoanzishwa upya, na sijui mfano mzuri kuliko Fantastic Four ya 2015, ile ya Josh Trank chini ya 20th Century Fox. Lawama zake bado zimejaa mtandaoni, na kwa sasa vyanzo vya nyingi kati ya hizo vinajulikana.

Kwanza tujue ilitoka wapi. Katuni yenyewe, ya watu wanne wanaopata nguvu za ajabu, ni ya Stan Lee na Jack Kirby, ilianza 1961 kwenye kampuni ya Marvel. Haki za filamu hazikuwa mikononi mwa Marvel, walizishika wengine, na sharti lilikuwa filamu zitengenezwe ndani ya muda fulani, la sivyo haki zirudi kwa mwenyewe. Sharti hilo ndilo lililozaa ile ya bei chee ya 1994 chini ya Roger Corman, bajeti yake kama dola milioni 1, ambayo haijazinduliwa rasmi mpaka leo. Zikafuata mbili za Tim Story, 2005 na 2007, nyepesi na za kuchekesha. Fox ilipotaka kuanza upya ikaenda upande wa giza. Ikachukua toleo la katuni la Ultimate, ambamo vijana hawarushwi anga za juu bali wanavuka kwenda ulimwengu mwingine kwa mtambo. Reed akawa Miles Teller, Sue akawa Kate Mara, Johnny akawa Michael B. Jordan, Ben akawa Jamie Bell, na Doom, adui wao, akawa Toby Kebbell.

Sasa wigi. Filamu ilipigwa mwaka 2014 kule Louisiana. Studio haikuridhika, na mwanzoni mwa 2015 waigizaji wakarudishwa kupiga matukio mapya. Kate Mara alikuwa ameshakata nywele kwa kazi nyingine, kwa hiyo akavishwa wigi. Kwenye filamu nywele za Sue zinabadilika rangi na ujazo kutoka tukio hadi tukio, na ukishaliona mara moja huwezi kuacha kuliona. Wigi la sinema hushindwa kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia, na hushindwa zaidi mwanga unapotofautiana na ule wa mwanzo, maana nyuzi zake hazirudishi mwanga kama nywele za kichwani. Watazamaji walilicheka. Lakini kicheko hicho kiliwapa kitu cha thamani: alama ya kujua tukio lipi ni la 2014 na lipi limebandikwa baadaye. Itazame ukifuata nywele tu, uache hadithi, utauona mshono.

Mshono huo ndio unaoeleza lawama iliyorudiwa kuliko zote: "inachelewa kuanza." Hapa sikubaliani na waliolalamika, ingawa walichohisi ni cha kweli. Filamu nzima ni dakika 100 tu, na kwa filamu ya aina hii hizo ni chache. Tatizo ni kipande kilichokosekana katikati. Vijana wanapata ajali, wanazinduka wakiwa mikononi mwa jeshi, na tukio hilo la kuzinduka ni zuri mno: Reed amefungwa mezani, viungo vyake vimevutwa kupita kiasi na yeye mwenyewe anavitazama kwa hofu, Johnny anawaka moto asioweza kuuzima, Ben anaita kutoka ndani ya mwili wa mawe. Hata waliochukia filamu yote hulitaja hili. Reed anatoroka. Kisha skrini inaandika kwamba mwaka mmoja umepita.

Mwaka huo ndio watu waliolipia. Jinsi Johnny alivyojifunza kuutawala moto, jinsi jeshi lilivyomtumia Ben, jinsi chuki ya Ben kwa Reed ilivyokua, vyote vimeruka. Kazi za Ben vitani tunaonyeshwa kijuujuu, kama video kwenye skrini za mkutano wa wakubwa. Na trela ilikuwa imewaonyesha watu Ben akidondoshwa kutoka kwenye ndege, picha ambayo kwenye filamu iliyouzwa haimo. Kwa hiyo mtazamaji aliyesema mwanzo ni mrefu alikuwa anapima mwanzo dhidi ya katikati isiyokuwepo. Ungemsikiliza neno kwa neno ukakata dakika 15 za mwanzo, ungekuwa unamng'oa mgonjwa jino lisilouma.

Lawama ya pili ni Doom. Anaachwa kule ulimwengu mwingine, anapotea, anarudi filamu ikiwa imekaribia ukingoni, anaua watu kwenye korido, anatangaza kuiangamiza dunia, anapigwa, basi. Watu wakasema Kebbell ameigiza vibaya, au vazi lake ni baya. Vazi ni baya kweli. Lakini adui hahitaji vazi kwanza, anahitaji muda na steringi, wagombane juu ya kitu kimoja kabla hawajarushiana ngumi. Doom huyu alinyimwa muda huo. Hata angekuja na joho la kijani na kinyago cha chuma kama kwenye katuni, mwisho ungebaki vilevile.

Lawama ya tatu ni ya kutupa, na ndiyo iliyopiga kelele zaidi kabla ya filamu kutoka: kwamba Johnny ni mweusi na dada yake ni mzungu. Filamu inalimaliza mapema, Sue ni mtoto wa kulea wa Dk. Franklin Storm, baba yake Johnny. Soma maoni ya waliokwisha kuitazama uone wangapi wanaweka kosa kwa Jordan. Wengi wanasema kinyume, kwamba alipewa kazi ndogo. Miaka mitatu baadaye mtu huyohuyo akawa Killmonger, adui mkuu kwenye Black Panther, na hakuna aliyeuliza tena. Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: maoni ya kabla ya siku ya uzinduzi yanapima matarajio, hayapimi filamu, kwa hiyo yasiwekwe kwenye kapu moja na mengine.

Tukija kwenye namba, hapo ndipo watu wengi hupotea. Alama ya C- ambayo filamu hii ilipata ilitoka CinemaScore, kampuni ya Las Vegas inayopima maoni ya watazamaji. Siku ya kwanza wanagawa kadi kwenye baadhi ya kumbi za Marekani na Kanada, na mtazamaji anatia alama kati ya A na F pamoja na umri wake, jinsia, na kilichomleta. Usiisome kama ripoti ya shule. Wanaojaza ni waliokimbilia tiketi siku ya kwanza, yaani walikuja na mapenzi tayari. Kwa filamu ya mashujaa, A ni kawaida na B ni onyo. C- kutoka kwa watu waliokuja wakitaka kuipenda ni msiba. Na mtazamaji wa Dar es Salaam au Nairobi hayumo humo hata kidogo. Sauti yake iko IMDb na Letterboxd, tovuti ambako mtu yeyote anaweza kuipa filamu alama.

Asilimia 9 iliyopata Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, nayo si alama 9 kwa 100. Ni kwamba katika kila wahakiki 100, 9 tu walisema inafaa. Filamu ambayo kila mmoja anaiona ya wastani tu, na wote wakaegemea upande wa "haifai", inaweza kupata sifuri bila kuwa mbaya kuliko zote. Upande wa watazamaji kwenye tovuti hiyohiyo, angalia tarehe: mpaka Mei 2019 alama iliyoonyeshwa ilihesabu kura ya mtu yeyote bila kuonyesha alinunua tiketi. Kura za Fantastic Four za 2015 ni za enzi hiyo.

Halafu kuna mteremko wa wiki ya pili. Wikendi ya kwanza Marekani ilipata dola milioni 25.7, ya pili kama milioni 8. Imeanguka zaidi kidogo ya theluthi mbili, na watu wakasema hiyo ndiyo hukumu ya watazamaji. Subiri kwanza. The Fantastic Four: First Steps ya Julai 2025, iliyoongozwa na Matt Shakman baada ya Disney, mmiliki wa Marvel, kuinunua Fox mwaka 2019 na haki kurudi nyumbani, ilipata A- kwenye kadi zilezile, ikafungua na milioni 117.6, na wiki ya pili nayo ikaanguka takriban theluthi mbili. Filamu moja imechukiwa, nyingine imependwa, mteremko karibu ni ule ule. Wa 2015 walikimbia. Wa 2025, mashabiki walikuwa wameshaingia wote siku tatu za kwanza na mtu wa kawaida hakuja. Namba moja haiwezi kutenganisha haya mawili, ni mpaka uiweke pamoja na alama ya kadi.

Kipimo kingine ni kugawa mapato yote ya Marekani kwa mapato ya wikendi ya kwanza. Ya 2015: milioni 56 kwa 25.7, unapata kama 2.2. Ya 2025: milioni 274 kwa 117.6, kama 2.3. Batman Begins ya 2005: milioni 205 kwa 48.7, zaidi ya 4, jambo linaloonyesha watu waliambiana. Ila angalia mtego: Batman Begins ilianza Jumatano, kwa hiyo fedha za siku mbili hazimo kwenye wikendi na uwiano unavimba. Ukihesabu siku zote 5 za mwanzo unashuka chini ya 3. Bado ni mzuri, lakini si muujiza. The Amazing Spider-Man ya 2012 ilianza Jumanne, ina mtego huohuo.

Ya 2025 inafaa kutazamwa sambamba na ile ya 2015, maana inaonyesha walichojifunza. Chanzo cha nguvu za wanne hao kimesimuliwa mwanzoni kwa kipindi cha televisheni ndani ya filamu, dakika chache, kazi imekwisha. Tunawakuta ni familia tayari, nao wanapata muda na Galactus, adui wao. Wapo wanaolalamika kwamba mtoto Franklin anaonekana wa kompyuta. Kwa hilo nawaunga mkono, uso wa mtoto mchanga bado unaishinda kompyuta.

Na maoni bora kuhusu ile ya 2015 yaliandikwa na Trank mwenyewe, Letterboxd, Novemba 2019. Aliipa nyota 2, akasema ndani yake mna filamu mbili tofauti zinazogombania kuwa filamu hiyo moja. Waliolicheka wigi walikuwa wameshaziona zote mbili.