Spika za mlango wa IST yangu: kazi ilianzia kwenye nailoni

Mlango wa kushoto wa gari langu ulikuwa unakoroma. Mtangazaji akisoma habari, hakuna shida. Ikipigwa dansi ya zamani na gitaa la besi likashuka, kinasikika kitu kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Ninaendesha Toyota IST ya mwaka 2004, na asubuhi nikitoka Tabata kwenda Posta foleni inaweza kunila saa nzima na zaidi. Muda wote huo mwenzangu ni redio. Nilivumilia miezi kadhaa, nikawa napunguza besi mpaka muziki ukabaki mwembamba kama unatoka kwenye simu. Mwisho nikasema basi, nabadilisha spika.

Nilianzia Gerezani, Kariakoo. Kijana wa duka akaniwekea boksi juu ya kaunta.

“Dada, hizi wati mia tatu na hamsini. Ukifunga hizi hutafuti nyingine.”

Boksi lilikuwa linang'aa, lina jina kubwa la Kijapani. Nikaitoa spika nikaipima mkononi: nyepesi, sumaku yake nyembamba, na herufi za jina lile zimechapwa kombo kama za bandia. Nikamshukuru, nikaondoka kwenda Temeke kwa mjomba wangu, ambaye ametengeneza redio tangu mimi sijazaliwa.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mama. Gari inasemaje?”

Nikamweleza habari ya wati 350. Akanivuta hadi kwenye meza yake ya kazi, akachukua kalamu. Namba kubwa ya kwenye boksi, akasema, ni mshtuko ambao spika inaweza kuuvumilia kwa kufumba na kufumbua. Nitafute palipoandikwa RMS, hapo ndipo penye nguvu inayoweza kubeba mfululizo. Halafu akaniuliza redio yangu inatoa wati ngapi. Usoni imeandikwa 50 mara 4. (Si ile iliyokuja na gari. Redio za Japani za miaka ile zinaishia FM 90, na vituo vyetu vinapanda hadi 108, kwa hiyo mwenye gari wa kwanza alishaibadilisha.) Mjomba akaandika: 15 hadi 20 kwa kila spika, ndiyo nguvu halisi ya redio za namna hiyo bila amplifaya. Spika nzito inayodai wati 80 ningeifunga ikakaa na njaa.

Kwa hiyo cha kuangalia ni desibeli, yaani kipimo cha sauti ambayo spika inatoa kwa nguvu inayopewa. Spika mbili zikipewa wati ile ile, moja ikatoa desibeli 88 na nyingine 91, hiyo tofauti ya 3 ni sawa na kuiongezea redio nguvu mara mbili. Hili lilinifurahisha sana, maana nilikuwa nimeshaanza kuhesabu bei ya amplifaya.

Nikadhani tumemaliza. Nilipoinuka akanishika mkono. “Usinunue kitu leo. Kafungue mlango kwanza. Spika haifi bure.”

Jumamosi nikafungua. Kwanza waya wa hasi wa betri, spana namba 10. Kisha skrubu iliyojificha nyuma ya kitasa, na mbili za kwenye mshikio wa kuvutia mlango. Baada ya hapo kava linabaki limeshikwa na klipu tu. Usitumie bisibisi, itakwaruza rangi na kuvunja klipu. Mimi nilitumia mwiko wa plastiki wa kutolea keki, nikauchomeka pembeni na kusogea taratibu: ta, ta, ta. Zikiachia zote, kava linanyanyuliwa juu, na nyuma yake unachomoa soketi ya swichi ya kioo.

Nyuma ya kava kiwandani wanabandika karatasi ya nailoni kwa gundi nyeusi isiyokauka. Yangu ilikuwa imechanwa kutoka juu hadi chini, imekunjwa na kusukumiwa kwenye kona. Nikakumbuka mwaka uliotangulia fundi alibadilisha mota ya kioo cha upande huo. Alifunga mlango bila kurudisha nailoni, na mimi sikujua kuwa kuna nailoni ya kurudisha.

Mvua ikipiga kioo, maji hushuka ndani ya mlango. Ndivyo ulivyoundwa, na chini kuna matundu ya kuyatolea nje. Nailoni ndiyo ukuta unaoyazuia yasije upande wa kava. Bila nailoni, masika nzima ilikuwa imetiririka mbele ya spika. Koni yake ya karatasi ilikuwa na madoa ya kahawia kama ramani, na ukingo wake laini nilipougusa uliachia unga mweusi kidoleni. Kitambaa cha kava nacho kilikuwa kimeota ukungu kwa ndani. Ningekuwa nimefunga spika mpya pale pale, msimu mmoja tu zingeoza.

Na kumbe nailoni ina kazi nyingine. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma, na sauti ya nyuma ni kinyume cha ile ya mbele. Bati la ndani la mlango likiwa na matundu makubwa wazi, zinakutana na besi inakufa hapo hapo. 

Nikapima. Kioo nikakishusha mpaka mwisho, nikaingiza rula kwenye tundu la spika: kutoka bati hadi kwenye kioo, milimita 49. Spika niliyokuwa naiwazia, ya inchi 6 na nusu yenye twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba) katikati, ina kina cha 62. Ingegonga kioo. Ile ya zamani iliokolewa na fremu yake ya plastiki iliyoinyanyua. Seremala wa mtaani akanikatia pete mbili za plaiwudi ya milimita 18, nikazipaka rangi ya mafuta mara tatu, kingo nazo, maana plaiwudi ikinywa maji inafunguka kama kitabu. Ila ukiisogeza spika huku, unaweza kugusa kava upande wa pili. Kwa hilo nilikanda donge la unga wa ngano, nikalibandika juu ya pete, nikalirudisha kava na kulikandamiza, kisha nikalitoa. Donge lilibaki na unene wa kidole. Pana nafasi.

Hapo ndipo nilipolipa: shilingi 95,000 kwa jozi, RMS wati 50, desibeli 91, duka lingine, na muuzaji aliniruhusu nizisikilize kwanza. Twita za kujitegemea niliziacha, kwani zinadai kutobolewa pa kukaa, na mlango huu umeshatobolewa vya kutosha.

Shiti za butili, yaani mpira unaonata, zenye karatasi ya aluminiamu nilizibandika kwenye bati la nje kwa ndani ili lisitetemeke, nikisugua kwanza kwa spiriti. Kuna za lami za kuzibia paa ambazo ni rahisi zaidi, lakini mlango uliokaa juani Dar unaunguza mkono, na lami itateleza na kunuka. Matundu ya ndani nikayaziba kwa nailoni nzito ya ujenzi na uzi wa butili, ukingo wa chini nikauingiza ndani ya mlango ili maji yarudi kulikotoka. Kabla ya kuendelea nilichukua jagi la maji nikamimina juu ya kioo, polepole, huku nimechuchumaa. Yakatokea yote chini kwenye matundu yake. Nilimimina jagi la pili kwa raha tu.

Kuhusu nyaya, sikukata soketi ya Toyota. Nilitumia kiunganishi cha kuchomeka, upande wa spika nikatia risasi kwa solda ya mjomba. Waya za mlango wa kushoto ni pinki na zambarau, hazina nyekundu wala nyeusi ya kukuongoza. Mjomba alinifundisha kutumia betri ndogo ya volti 1.5: gusisha kwenye spika ya zamani kwa kufumba na kufumbua, koni ikiruka kuja nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Pinki ikawa chanya. Nikaweka alama ya tepu.

Pamoja na alama, upande wa kulia niligeuza. Niliwasha redio na mtangazaji akawa hayupo popote, sauti yake imetandaa kama ukungu, na besi imepungua kuliko ya spika mbovu. Koni moja ilikuwa inasukuma wakati nyingine inavuta. Nusu saa ya kufungua kava tena, waya zikabadilishana nafasi, na mtangazaji akaja kukaa katikati ya dashibodi.

Kwenye redio nikaziondolea sauti zilizo chini ya hezi 80, yaani besi nzito kabisa, spika za mlango haziziwezi na zinachoka bure. Kisha nikaweka dansi. Kwa mara ya kwanza kwenye gari lile nilisikia kidole kikiachia uzi wa gitaa la besi na kingine kikiushika. Nilikaa uani kwangu injini imezimwa mpaka watoto wakaja kuniita chakula kinapoa.

Masika iliyofuata ilinyesha siku nne mfululizo. Jumapili nikatoa kava la kushoto, nikaingiza mkono chini ya spika na kupitisha vidole kwenye pete ya plaiwudi na nyuma ya kitambaa. Pakavu.